Wits: Klabu ya chuo kikuu ambayo nafasi yake ya ligi iliuzwa

NDALAMBO, Songwe – Jioni ya Mei 17, 2023, mashabiki wa soka kote nchini, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi vibanda vya kuoneshea mpira vya Ndalambo wilayani Momba, walishuhudia Yanga ikiifunga Marumo Gallants mabao 2-1 katika Uwanja wa Royal Bafokeng, karibu na mji wa Rustenburg nchini Afrika Kusini. Kwa kuwa Yanga ilikuwa imeshinda 2-0 jijini Dar es Salaam wiki moja kabla, ilifuzu kwa jumla ya mabao 4-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika katika mfumo wa sasa wa mashindano hayo.

Katika shangwe ile, wachache waliuliza timu iliyofungwa ilitoka wapi. Jina la Marumo Gallants lilikuwa na umri wa takriban miaka miwili tu. Timu hiyo haikuwa imepanda ngazi kwa ngazi kutoka madaraja ya chini kwa jina hilo. Nafasi iliyokuwa ikiitumia katika Ligi Kuu ya Afrika Kusini ilikuwa imenunuliwa, na ukiifuatilia nyuma unafika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand jijini Johannesburg, kinachojulikana zaidi kwa jina fupi la Wits, ambako wanafunzi walianzisha klabu ya soka mwaka 1921.

Historia ya klabu hiyo inastahili kufahamika katika Mkoa wa Songwe na Nyanda za Juu Kusini kwa jumla. Ukanda huu una timu zilizoanzishwa na halmashauri, na jeshi la magereza na na wakulima, na tayari umeshuhudia timu ya Ligi Kuu ikihamishwa kwenda mkoa mwingine. Swali la nani hasa anamiliki timu, na ni karatasi gani inayothibitisha hivyo, linahusu kata yenye kiwanja cha shule sawasawa na linavyohusu jiji lenye uwanja wa majukwaa.

Timu ya wanafunzi

Klabu ya Wits ilianzishwa mwaka mmoja kabla chuo chenyewe hakijapata hadhi kamili ya chuo kikuu, jambo lililotokea mwaka 1922. Ilikuwa timu ya ridhaa: wachezaji walikuwa wanafunzi, uwanja ulikuwa wa chuo, na gharama nyingi zilibebwa na shughuli za kawaida za michezo ya wanafunzi. Kwa zaidi ya miaka hamsini haikuwa na jina kubwa nje ya Johannesburg.

Mazingira ya Afrika Kusini ya wakati huo hayawezi kuachwa nje ya maelezo haya. Chini ya sera ya ubaguzi wa rangi, soka liligawanywa kama ilivyogawanywa mitaa, shule na mabasi. Weupe walikuwa na ligi yao, na Weusi walikuwa na yao, ambayo ndiyo iliyokuwa na mashabiki wengi zaidi. Ligi ya Weupe ilivunjika baada ya msimu wa 1977. Baadhi ya timu zake, Wits ikiwamo, zikaomba kujiunga na ligi ya kulipwa iliyokuwa na timu za vitongoji kama Soweto.

Hapo ndipo timu ya wanafunzi ilipoingia katika soka lenye watu. Mwaka 1978 ilifika fainali ya Kombe la Mainstay na kuifunga Kaizer Chiefs, timu ya Soweto iliyokuwa na mashabiki kila kona ya nchi, kwa mabao 3-2. Mashabiki wakazoea kuwaita Clever Boys, kwa maana ya vijana wenye akili, jina lililokuwa na kejeli kidogo na heshima kidogo ndani yake. Katika miaka hiyo hiyo kipa kijana Gary Bailey aliichezea Wits akiwa mwanafunzi, kabla ya kwenda Uingereza na kuwa kipa wa Manchester United.

Kilichoibeba klabu katika kipindi hicho hakikuwa fedha nyingi. Chuo kilikuwa na ardhi, uwanja, vyumba vya kubadilishia nguo, madaktari na maktaba. Mzazi aliyesita kumruhusu mwanawe kucheza mpira aliweza kuambiwa kwamba kijana atacheza na kusoma. Hiyo ndiyo faida kubwa ya klabu ya chuo popote duniani, na ni faida ambayo haionekani katika vitabu vya hesabu za klabu kwa sababu hailipiwi na klabu.

Mfadhili anaingia

Soka la kulipwa lilibadilika haraka baada ya mwaka 1994, Afrika Kusini ilipopata uhuru wa kidemokrasia. Ligi Kuu mpya ilianza mwaka 1996, fedha za televisheni zikaongezeka, na mishahara ya wachezaji ikapanda pamoja nazo. Klabu iliyokuwa ikitegemea uwanja wa chuo na moyo wa kujitolea haikuweza kushindana na klabu zenye wafanyabiashara nyuma yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kubwa ya huduma na biashara ya Bidvest iliingia katika umiliki wa timu, na baadaye jina lake likatangulia jina la chuo: Bidvest Wits.

Ni vyema kusimama hapa, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata. Kwa macho ya shabiki hakuna kilichobadilika. Timu iliendelea kucheza katika uwanja uliopo ndani ya eneo la chuo, uwanja mdogo wenye uwezo wa kuchukua watu wapatao 5,000, na rangi za jezi zikabaki za bluu. Kwa macho ya sheria, hata hivyo, haki ya kushiriki ligi ilikuwa sasa mikononi mwa kampuni. Chuo kilibaki na jina, historia na ardhi. Nafasi katika ligi, ambayo ndiyo kitu chenye bei sokoni, haikuwa tena mali yake ya kuamulia peke yake.

Kwa muda mrefu mpango huo ulionekana kuwa wa busara, na matokeo yaliuunga mkono. Timu ilishuka daraja mwaka 2005, ikarejea mwaka uliofuata. Mei 2010, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia kuanza Afrika Kusini, iliifunga AmaZulu mabao 3-0 na kutwaa Kombe la Nedbank chini ya kocha Roger De Sa, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kipa wa klabu hiyo. Mwaka 2013 akaja kocha Gavin Hunt, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa ligi mara tatu akiwa na SuperSport United.

Watanzania waliifahamu timu hiyo kwa karibu mwezi Machi 2016. Katika Kombe la Shirikisho Afrika, Azam FC ilikwenda Johannesburg na kuifunga Bidvest Wits 3-0 katika uwanja wa chuo. Mchezo wa marudiano uliofanyika Chamazi ulimalizika kwa Azam kushinda 4-3, mshambuliaji Kipre Tchetche akifunga mabao matatu. Jumla ilikuwa 7-3. Ilikuwa timu iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa mwaka 2004 ikiizidi kwa mbali timu iliyoanzishwa na wanafunzi miaka 83 kabla yake.

Aliyedhani kipigo hicho kilikuwa dalili ya timu dhaifu alikosea. Oktoba mwaka huo huo Wits iliifunga Mamelodi Sundowns 3-0 katika fainali ya Kombe la MTN8, wiki chache tu kabla Sundowns haijatawazwa kuwa bingwa wa Afrika. Mei 2017, nahodha wake akiwa beki Thulani Hlatshwayo, Wits ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Afrika Kusini kwa mara ya kwanza katika historia yake ya miaka 96. Mwishoni mwa mwaka huo ikaongeza Kombe la Telkom.

Juni 2020

Miaka mitatu baada ya ubingwa, katikati ya janga la UVIKO-19 wakati ligi ikiwa imesimamishwa, ilitangazwa kwamba nafasi ya Bidvest Wits katika Ligi Kuu imeuzwa. Mnunuzi alikuwa mmiliki wa Tshakhuma Tsha Madzivhandila, timu ya daraja la pili kutoka Jimbo la Limpopo, kaskazini mwa nchi hiyo karibu na mpaka wa Zimbabwe. Uongozi wa ligi uliidhinisha mauzo hayo. Wits iliruhusiwa kumaliza msimu, ambao michezo yake iliyobaki ilichezwa bila mashabiki katika Jimbo la Gauteng mwezi Agosti na Septemba, ikamaliza katika nafasi ya nne. Kisha ikafutika katika ramani ya soka la kulipwa.

Ilikuwa imebaki mwaka mmoja kutimiza miaka 100.

Maana ya kuuzwa kwa nafasi ya ligi inahitaji maelezo, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na kuuzwa kwa timu. Mtu akinunua timu, kwa kawaida hununua jina, wachezaji, madeni, mikataba na historia yake. Anayenunua nafasi hununua haki ya kushiriki katika ligi husika, na anaweza kuitumia kwa jina jingine, katika mji mwingine, na wachezaji wengine. Kwa mfano wa nyumbani, ni tofauti kati ya kununua duka na kununua fremu. Mwenye kununua fremu halazimiki kuendelea kuuza bidhaa zilezile wala kuwahudumia wateja walewale.

Ndivyo ilivyokuwa. Wachezaji kadhaa, akiwamo nahodha Hlatshwayo, walihamia Orlando Pirates. Kocha Hunt akaenda Kaizer Chiefs. Wafanyakazi wengine na vijana wa timu za umri mdogo walilazimika kutafuta pengine pa kwenda. Nafasi yenyewe ilihamia Thohoyandou, mamia ya kilomita kutoka chuoni, na haikukaa sana huko pia. Ndani ya msimu mmoja tu ilibadilisha mikono tena, ingawa timu hiyo ilitwaa Kombe la Nedbank Mei 2021, na msimu uliofuata ikaanza kuitwa Marumo Gallants. Hiyo ndiyo timu iliyokutana na Yanga. Siku tatu baada ya kutolewa katika nusu fainali ile, Gallants ilishuka daraja.

Kwa hiyo, ile nafasi iliyotokana na wanafunzi wa mwaka 1921 ilikutana na Watanzania mara mbili ndani ya miaka saba, mara ya kwanza ikiwa na jina la chuo na mara ya pili bila hata herufi moja ya chuo.

Chuo chenyewe hakikubaki bila mpira. Timu ya wanafunzi wa Wits inaendelea kushiriki mashindano ya vyuo vikuu vya Afrika Kusini yaliyoanzishwa mwaka 2013. Wanafunzi wanacheza kama walivyokuwa wakicheza zamani, ila mlango wa kutoka chuoni moja kwa moja kwenda Ligi Kuu kwa jina la chuo umefungwa.

Njia nyingine duniani

Si kila chuo kilipita njia hiyo, na tofauti zake zinaonesha kwamba kilichoikuta Wits hakikuwa lazima kitokee.

Nchini Mexico, timu ya Pumas ya Chuo Kikuu cha Taifa (UNAM) ilipanda ligi kuu mwaka 1962 na imebaki na jina la chuo hadi leo. Inaendeshwa na chama cha kiraia chenye uongozi wake, kilichotenganishwa na uendeshaji wa masomo, huku ikicheza katika uwanja wa chuo uliofunguliwa mwaka 1952. Mshambuliaji wake maarufu zaidi, Hugo Sánchez, alisomea udaktari wa meno chuoni hapo kabla ya kwenda Hispania na kuwa mfungaji bora wa ligi ya nchi hiyo mara tano. Akirejea akiwa kocha, aliiongoza Pumas kutwaa ubingwa mara mbili katika mwaka mmoja, 2004.

Nchini Chile, klabu ya Universidad de Chile, iliyoanzishwa mwaka 1927, ilitenganishwa na chuo, ikafilisika mwaka 2006, na uendeshaji wake ukakabidhiwa kampuni iitwayo Azul Azul kwa mkataba. Jina na nembo havikufa kwa kuwa mkataba uliyahusu moja kwa moja. Miaka mitano baada ya kufilisika, mwaka 2011, timu hiyo ilitwaa Kombe la Sudamericana, ubingwa wa pili kwa ukubwa wa klabu Amerika Kusini.

Uingereza ilitoa mfano wa kinyume. Timu ya Chuo Kikuu cha Bath, iliyoitwa Team Bath, ilipanda madaraja kwa kasi baada ya kuanzishwa mwaka 1999 na mwaka 2002 ikafika raundi ya kwanza ya Kombe la FA, jambo ambalo timu ya chuo kikuu haikuwa imelifanya tangu karne ya 19. Ilipokaribia ngazi za juu zaidi, waendeshaji wa ligi walisema haiwezi kupanda kwa kuwa si kampuni inayojitegemea kisheria. Ikajiondoa mwaka 2009. Ilikuwa na uwanja, wachezaji na makocha, ikakosa karatasi.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Timu ya Chuo Kikuu cha Ndejje cha Uganda ilipanda hadi Ligi Kuu ya nchi hiyo na kucheza msimu wa 2018/19, kisha ikashuka mwishoni mwa msimu huo. Ni safari fupi, lakini inathibitisha kwamba chuo cha ukanda huu kinaweza kufika.

Hali ilivyo nyumbani

Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara ya msimu wa 2025/26 hakuna timu iliyoanzishwa na chuo kikuu. Taasisi nyingine zimejaa. Tanzania Prisons ya Mbeya ni ya Jeshi la Magereza. JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma zina mizizi jeshini. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni na Dodoma Jiji ni ya Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Mtibwa Sugar ilitokana na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Turiani na iliwahi kutwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Kilicho karibu zaidi na klabu ya chuo ni klabu zilizotokana na shule, kama Alliance ya Mwanza, iliyocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19 hadi iliposhuka mwaka 2020.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, mifano miwili ndiyo yenye uzito zaidi.

Wa kwanza ni Mbeya City, iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya mwaka 2011. Miaka miwili baadaye ilikuwa Ligi Kuu, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Ilishuka mwaka 2023 baada ya kupoteza mchezo wa mchujo dhidi ya Mashujaa, ikarejea mwaka 2025. Katika miaka hiyo yote ya kupanda na kushuka, nafasi yake haikuondoka Mbeya. Iliposhuka ilishuka ikiwa Mbeya City, na iliporudi ilirudi ikiwa Mbeya City.

Wa pili ni Ihefu, timu ya Ubaruku wilayani Mbarali, iliyochukua jina la ardhi oevu maarufu ya bonde la Usangu. Novemba 29, 2022, katika Uwanja wa Highland Estates, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijafungwa. Mashabiki wa Mbarali hawatausahau mchezo huo. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamishiwa Singida, na kabla ya msimu wa 2024/25 kuanza ikabadilishwa jina na kuwa Singida Black Stars. Taratibu za soka ziliruhusu, na timu hiyo inaendelea kufanya vizuri ilipo. Hata hivyo, mkulima wa mpunga wa Ubaruku aliyekuwa akienda uwanjani kwa baiskeli leo hana timu ya Ligi Kuu ya kwenda kuitazama wilayani kwake.

Songwe, mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, haujawa na timu ya Ligi Kuu. Wilaya ya Mbozi iliwahi kuwa na Kimondo, timu iliyobeba jina la kimondo kikubwa kilichopo Ndolezi, ambayo ilifika Ligi Daraja la Kwanza, daraja ambalo tangu mwaka 2021 linaitwa Championship. Zaidi ya hapo, mpira wa mkoa huu unachezwa katika ligi za wilaya, mashindano ya kata, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari.

Kijana wa Ndalambo anapita wapi

Ndalambo ni kata ya Wilaya ya Momba, katika ukanda wa barabara kuu iendayo Sumbawanga kutokea Tunduma. Kijana mwenye kipaji katika kata hii huanza katika timu ya shule. Akifaulu kidato cha sita, chuo kikuu kimojawapo cha Nyanda za Juu Kusini ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012 na ambacho pia kina kampasi ya Rukwa. Huko atacheza mashindano ya vyuo. Baada ya hapo njia ya kawaida ni kutafuta timu ya mtaani au ya taasisi, kwa kuwa chuo hakina timu ya ligi ya kumpandisha.

Kwa hiyo wazo la chuo kuanzisha klabu ya kulipwa, ambalo huibuka mara kwa mara katika mijadala ya michezo, halina ubaya kwa vijana wa mikoa ya pembezoni. Chuo kina viwanja, mabweni, zahanati na walimu wa elimu ya viungo, vitu ambavyo timu nyingi za madaraja ya chini hukosa. Historia ya Wits inaonesha mahali pa kuwa makini ni pale timu inapokaribisha mfadhili.

Nchini Tanzania, msingi wa kisheria upo. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Namba 12 ya mwaka 1967 ndiyo iliyounda Baraza hilo (BMT) na kuweka utaratibu wa klabu na vyama vya michezo kusajiliwa na Msajili. Timu isiyosajiliwa haina uhai kisheria: haiwezi kufungua shauri, kuingia mkataba unaotambulika wala kudai mali. Maombi huanzia kwa afisa michezo wa halmashauri, yakiambatana na katiba ya klabu, orodha ya wanachama waanzilishi na muhtasari wa kikao kilichoamua kuanzishwa kwake. Upande wa soka, klabu huingia katika mfumo wa TFF kupitia chama cha wilaya na cha mkoa. Kwa klabu kubwa zinazotaka kushiriki mashindano ya Afrika, ipo pia leseni ya klabu, ambayo hukagua maeneo matano: michezo na timu za vijana, miundombinu, uongozi na watumishi, masuala ya kisheria, na fedha.

Kwa klabu za wanachama zinazobadili mfumo na kukaribisha wawekezaji, Serikali iliweka utaratibu wa wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Lengo ni kuzuia uamuzi kama ule wa Johannesburg usifanywe na upande mmoja peke yake. Utaratibu huo unalinda klabu yenye wanachama. Timu inayomilikiwa na taasisi, kampuni au mtu mmoja haina wanachama wa kuita mkutano mkuu, na hapo kinga pekee ni maneno yaliyoandikwa katika katiba yake na katika mikataba inayosainiwa.

Maneno hayo ni machache na yanaeleweka. Jina na nembo ni mali ya nani? Nafasi ya ligi imesajiliwa kwa jina la nani? Mfadhili akiondoka, nafasi inarudi kwa nani, na kwa masharti gani? Timu inaweza kuhamishwa nje ya wilaya, na ni kikao gani chenye mamlaka ya kuridhia? Vijana wa timu za umri mdogo wanapata ulinzi gani umiliki ukibadilika? Chuo cha Wits kilikuwa na wanasheria mahiri kuliko timu yoyote ya kata, na bado klabu iliyobeba jina lake ilitoweka katika msimu wa 99 tangu kuanzishwa.

Kwa timu za Ndalambo na kata nyingine za Momba ambazo hazijasajiliwa, hatua ya kwanza haihitaji mfadhili. Wanachama waanzilishi hukaa kikao, huandika muhtasari, hupitisha katiba na kuchagua viongozi, kisha hupeleka nyaraka kwa afisa michezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Nakala moja ya kila waraka hubaki kwa katibu wa timu.